HASARA YA MLANGONI

(Hotuba iliyotolewa katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani, kabla ya mjadala wa mradi wa majiko)



Katibu alinitaka nizungumzie biashara, nami nimechagua biashara ya mashine za michezo ya video, zile ambazo watoto na wajukuu wetu huzing'ang'ania mbele ya televisheni hadi usiku wa manane. Nasikia baadhi yenu mnaguna. Nawaombeni mnivumilie. Jioni hii tutapiga kura juu ya mradi wa kuuza majiko ya gesi kwa bei iliyo chini ya gharama, kwa matumaini kwamba fedha zetu zitarudi wateja watakapokuja kujaza mitungi. Makampuni ya Japani na Marekani yamefanya biashara ya namna hiyo kwa miaka mingi, na makosa yao yamewagharimu mabilioni ya dola. Si vibaya sisi tukasoma somo hilo bila kulipa ada.

Utaratibu wao ni huu. Kampuni huuza mashine bila faida, au hata kwa hasara. Kisha kila mchezo unaouzwa kwa ajili ya mashine hiyo, hata ukitengenezwa na watu wengine, huiletea kampuni sehemu yake. Siku hizi, katika maduka yao ya intaneti, sehemu hiyo kwa kawaida ni asilimia 30. Kwa hiyo mashine ni mlango tu. Faida iko ndani ya nyumba.

Lakini mlango usio na kufuli ni hasara tupu. Kampuni ya Atari ilitoa mashine yake maarufu mwaka 1977, nayo haikuwa na kitu cha kuwazuia wengine wasiitengenezee michezo. Mwaka 1979 baadhi ya wafanyakazi wake wa zamani walishiriki kuanzisha kampuni ya Activision, wakaanza kuuza michezo ya mashine ile ile. Wengine wengi wakafuata, wenye ujuzi na wasio na ujuzi. Maduka yakajaa michezo mibovu, na mwaka 1983 soko la Marekani likaanguka. Mwaka huo Atari ilipata hasara ya zaidi ya dola milioni 500, na shehena za kaseti zikazikwa jalalani katika mji wa Alamogordo, New Mexico. Mwaka 2014 zilifukuliwa, watu wakaziona kwa macho yao.

Nintendo, kampuni ya Kyoto iliyoanza mwaka 1889 kwa kutengeneza karata, ililitazama anguko hilo na kujifunza. Ilipoingia Marekani mwaka 1985, ilitia ndani ya mashine yake kipande kidogo cha elektroniki. Kaseti isiyo na kipande mwenzake ilikataliwa, na kipande hicho hakikupatikana ila kwa leseni ya Nintendo. Hilo ndilo kufuli.

Ndugu zangu, hata mwenye kufuli hana budi kujiuliza: hasara hii ni ya kina gani, na nani ataibeba? Mwaka 2006 Sony ilitoa PlayStation 3 kwa dola 499 na dola 599. Wataalamu wa iSuppli waliifungua mashine ile kubwa, wakakadiria kuwa gharama yake ilipita dola 840. Maana yake, kila mteja aliyetoka dukani akifurahi aliiachia kampuni pengo la zaidi ya dola 240. Na bado wateja wengi walilalamika kuwa bei ni kubwa. Katika mwaka huo wa fedha, idara ya michezo ya Sony ilipata hasara ya yeni bilioni 232. Microsoft nayo, mwaka 2007, ilitenga zaidi ya dola bilioni 1 kwa ajili ya kutengeneza mashine zake za Xbox 360 zilizoharibika mikononi mwa wateja. Mwaka 2021 ofisa wake mmoja alieleza mahakamani kuwa kampuni hiyo haijapata kamwe faida kwa kuuza mashine yenyewe.

Hao walisalimika kwa sababu walikuwa na mashamba mengine ya kuvuna. Sega hawakuwa nayo ya kutosha. Walitoa Dreamcast mwaka 1998, wakapunguza bei kushindana na Sony, na Januari 2001 wakatangaza kwamba wanaacha kabisa kutengeneza mashine. Mwenyekiti wao, Isao Okawa, aliisamehe kampuni madeni aliyoidai na kuipa hisa zake mwenyewe, jumla ya karibu dola milioni 700. Alifariki Machi mwaka huo huo.

Nintendo mara nyingi wamepita njia nyingine. Mhandisi wao Gunpei Yokoi alifundisha kutumia vifaa vya zamani vilivyokwisha kuwa rahisi, ila kwa namna mpya. Game Boy ya mwaka 1989 haikuwa na rangi, lakini betri zake zilidumu kuliko za washindani wenye rangi. Wii ya mwaka 2006 iliuzwa dola 250 kwa faida tangu mwanzo, na zikauzwa zaidi ya milioni 100. Hata wao walikosea. Mwaka 2011 walitoa 3DS kwa dola 250, haikununuliwa sana, na kabla ya miezi sita kwisha wakaishusha hadi dola 170. Mkurugenzi wao, Satoru Iwata, alikata mshahara wake mwenyewe kwa nusu, na waliokuwa wamenunua kwa bei ya zamani wakapewa michezo 20 bure. Mwaka 2013, alipoulizwa na wenye hisa kuhusu kupunguza wafanyakazi, alikataa, akisema kuwa mtu anayeogopa kufukuzwa hawezi kutengeneza mchezo wa kumfurahisha mwingine.

Sasa turudi nyumbani. Mwaka jana mimi mwenyewe niliunga mkono mradi huu wa majiko, tena kwa makofi. Leo naungama kuwa sikupiga hesabu. Kufuli letu liko wapi? Anayenunua jiko kwetu anaweza kujaza mtungi wake duka la jirani, na hatuna haki ya kumzuia. Hazina yetu itavumilia miezi mingapi? Na nani atakatwa nusu mshahara, wakati viongozi wetu wote wanajitolea? Mfuko huu ndio unaowanunulia sare na vitabu wanafunzi yatima wa shule hii. Tukikosea, wa kwanza kulipa ni mtoto wa kidato cha kwanza, ambaye hana kura humu ukumbini.

Kwa hiyo napendekeza tuuze majiko kwa bei ya gharama pamoja na nyongeza ndogo, na asiyeweza kulipa kwa mkupuo alipe kidogo kidogo. Mapato yatakuwa haba, lakini yatakuwa yetu. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.