Kanisa la Mtaani na Maziko ya Watu Wake

Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama na wazee katika mkutano mkuu wa mwaka



Tumetakiwa kunena juu ya ibada na maisha ya watu katika kanisa la Kianglikana la mtaa wetu hapa Kisauni, pande za Frere Town. Huenda mtu akauliza: chama cha kusaidiana kina haja gani na habari za kanisa? Jibu letu ni kwamba wengi wa wanachama wetu ndio hao hao wanaokaa pamoja kanisani siku ya Jumapili. Na hata wale wasio wa kanisa hilo hukutana nasi makaburini. Tena liko jambo mbele ya mkutano huu ambalo haliwezi kuamuliwa vema bila kukumbuka tulikotoka. Limeletwa pendekezo kwamba mwanachama aliyekaa miezi sita bila kulipa ada yake, akifa au akifiwa, chama kisijishughulishe kwa lolote na maziko hayo. Tutalifikia jambo hilo kwa taratibu. Kwanza tuanze na mwanzo.

Habari za Kanisa la Kianglikana katika nchi hii zina kaburi mwanzoni mwake. Johann Ludwig Krapf, Mjerumani aliyetumwa na chama cha CMS, alifika Mombasa mwaka 1844 pamoja na mkewe Rosina. Mwezi wa Julai wa mwaka huo huo Rosina alikufa kwa homa, na mtoto wao mchanga akafa pia. Walizikwa upande huu wa bara, na kaburi lao lipo Nyali. Mwaka huo huo wa msiba Krapf alianza kukifasiri Kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili. Mwaka 1846 alijiunga naye Johannes Rebmann, wakafungua kituo Rabai. Na mtu wa kwanza kubatizwa huko, mwaka 1851, hakuwa mzee wa kaya wala tajiri wa ng'ombe. Alikuwa Mringe, kilema tena mgonjwa, aliyebatizwa akiwa karibu kufa. Basi tangu siku zile Kanisa la pwani lilimjua mtu maskini, na lilijua kusimama kando ya kitanda cha anayekufa.

Mwaka 1875 padre William Salter Price wa CMS alianzisha kijiji hapa ng'ambo ya kisiwa, kikaitwa Frere Town kwa jina la Sir Bartle Frere, ambaye mwaka 1873 alifika Unguja kwa ajili ya shauri la kukomesha biashara ya watumwa. Waliokaa hapa walikuwa watu waliookolewa baharini na manowari za Kiingereza, wametolewa majahazini. Walikuwamo Wayao, Wamakua, Wanyasa, Wanyamwezi na wengine wengi. Walikuwapo pia wale walioitwa Waafrika wa Bombay, ambao waliokolewa wakiwa watoto, wakalelewa na kusomeshwa Bara Hindi, kisha wakarudishwa Afrika kusaidia kazi. Kengele ilitundikwa hapa ili watu waonywe pindi majahazi ya watumwa yaonekanapo. Na mnara wake ndio uliotupa jina la Kengeleni, ambalo hata kijana asiyejua habari hizi hulitaja kila siku apandapo matatu.

Tufikiri kidogo hali ya watu wale, kwa maana ndiyo kiini cha hotuba yetu. Mwafrika wa zamani alizikwa na ukoo wake. Wajomba walijua kazi yao, mashemeji yao, wajukuu yao. Aliyechimba kaburi alijulikana, na aliyeosha maiti alijulikana. Lakini aliyenunuliwa akiwa mtoto, akapitishwa katika masoko mawili matatu, alikuwa hana mjomba wala shemeji, na pengine jina alilopewa na mamaye limekwisha kumpotea. Mtu huyo akifa, atazikwa na nani? Jibu lililopatikana hapa lilikuwa moja tu: atazikwa na wale anaosali nao. Msimamizi wake wa ubatizo alikuwa badala ya mjomba. Jirani wa kiti cha kanisani alikuwa badala ya ndugu. Kanisa lilikuwa ndilo ukoo wa wasio na ukoo, na watoto wa watu hao, ambao wengi huwaita Wamisheni, wangali wakiijua habari hiyo.

Haikuchukua muda mrefu watu hao wakatoa viongozi. Mwaka 1885 Askofu James Hannington aliwapa ushemasi William Jones na Ishmael Semler, wote wawili wakiwa katika Waafrika wa Bombay. Mwaka huo huo Hannington alishika safari ya Uganda na Jones akiwa pamoja naye. Askofu aliuawa Busoga mwezi wa Oktoba; na Jones, aliyekuwa ameachwa nyuma njiani na sehemu kubwa ya msafara, ndiye aliyeurudisha hadi Rabai mwaka 1886. Ni Jones huyo aliyewatetea watumwa watoro waliokimbilia Rabai. Wengi walitaka warudishwe kwa mabwana zao, kwa kuwa sheria ya pwani wakati ule ilimkubali mtu kumilikiwa. Shauri lilimalizika tarehe 1 Januari 1889, ambapo watoro zaidi ya 1,400 walipewa hati za uhuru, baada ya mabwana zao kulipwa fidia na Kampuni ya Kiingereza ya Afrika ya Mashariki. Wazee wetu, twaomba neno hili lishikwe: watu wale walikuwa na deni kwa hesabu ya sheria ya siku zile, nao hawakufukuzwa mlangoni. Deni lilitafutiwa njia, na mtu akapokewa.

Sasa tuje kwenye ibada yetu ya siku hizi. Mgeni akiingia kanisani atasikia sala zilizotamkwa na babu zetu, ijapokuwa vitabu vimebadilika. Biblia ya Kimvita ilitoka mwaka 1914, na ile ya Muungano mwaka 1952, ambayo hata leo wazee wengi hawataki kuiacha. Jimbo la Kenya lilipopata kusimama peke yake mwaka 1970, liliendelea kutengeneza ibada zake lenyewe, na mwaka 1989 ikatoka ibada ya Ushirika Mtakatifu iliyotungwa hapa hapa nchini. Hayo ni mema. Lakini nguvu ya ibada haimo katika kitabu peke yake. Imo katika kuungama pamoja kwa sauti moja, mwenye nyumba ya ghorofa na mpangaji wake. Imo katika kupiga magoti kwenye meza moja na kunywea kikombe kimoja. Mtu aliyekunywa nawe katika kikombe kimoja si rahisi kumwambia Jumatatu kwamba humjui.

Tena ibada yafuata mwaka wake, nao mwaka huo hutufunza kazi za ujirani. Majilio hutukumbusha kutengeneza nyumba. Kwaresima hutufunza kujinyima ili mwingine apate. Pasaka hutukusanya alfajiri. Na sikukuu ya mavuno huleta mbele ya kanisa nazi, mihogo, mahindi, kuku, hata vitambaa vilivyoshonwa na akina mama. Matangazo ya ndoa husomwa ili kila mtu ajue ni nani aoaye na ni nani aolewaye. Na yale matangazo ya mwisho wa ibada, ambayo vijana huyaona marefu, ndiyo gazeti letu: fulani amelazwa hospitali, fulani amejifungua, fulani amefiwa na mazungumzo ya maziko yako nyumbani kwake saa kumi na mbili jioni.

Hapo ndipo kanisa na chama chetu hushikana mikono. Msiba ukitokea, akina mama wa kanisa hufika kwanza. Hukaa na mfiwa, hupika chai na wali, na kuwaogesha watoto wake. Kwaya huja jioni kuimba. Mwinjilisti au mzee wa kanisa huongoza sala kila siku hadi siku ya kuzika. Chama nacho hukaa na daftari, huhesabu michango, hulipa jeneza na gari, na huwasaidia jamaa kutoa maiti chumba cha kuhifadhia. Jirani zetu Waislamu huleta viti na maturubai na huketi nasi, kama nasi tuketivyo kwao. Kazi hizi zote hazina mshahara.

Lakini kuzika kumekuwa ghali. Zamani jirani walichimba kaburi, seremala akapiga mbao, na maiti ikazikwa kesho yake. Siku hizi yapo madai ya hospitali, malipo ya kila siku ya chumba cha maiti, jeneza la dukani, na pengine safari ya kupeleka mwili mbali, kwa kuwa mtaa wetu umepata watu wa kila pembe ya Kenya. Basi si ajabu kwamba mweka hazina wetu analala na mawazo. Wala hatupendi kumdharau ndugu aliyeleta pendekezo la miezi sita. Anena kweli: haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba hakijai iwapo kila mtu angojea mwenzake atie. Mjane anayeuza maandazi na kulipa ada yake kila mwezi bila kukosa anadhulumiwa, ikiwa mwenye mshahara halipi kitu, kisha ajaliwa sawa naye siku ya msiba. Chama kisicho na kanuni hufa, na kikifa hakimziki mtu yeyote.

Hata hivyo, twaomba wanachama watenge mambo mawili ambayo pendekezo limeyachanganya. Liko fungu la fedha, na uko uso wa watu. Fungu la fedha ni la waliolichangia, na ni haki kanuni ilinde. Lakini kuja msibani, kuketi na mfiwa, kushika jembe, kuimba na kulifuata jeneza hakukununuliwa kwa ada, wala hakuwezi kuzuiwa kwa kukosa ada. Pendekezo lasema chama kisijishughulishe kwa lolote. Neno hilo "kwa lolote" ndilo tusiloweza kulikubali.

Tazameni jinsi Kanisa lenyewe lilivyoandika. Kitabu cha Sala cha mwaka 1662, ambacho ndicho mzazi wa vitabu vyetu, kilikuwa kikali katika jambo hili. Kilitaja watu wa namna tatu wasiosomewa ibada ya maziko: wasiobatizwa, waliotengwa na Kanisa, na waliojiua. Siku hizi makasisi wengi huliangalia agizo hilo kwa huruma zaidi. Lakini hata katika ukali wake ule, kitabu hakikumtaja mwenye deni. Je, yatupasa sisi kuwa wakali kuliko kitabu kile?

Tena tuulize sababu ya mtu kukaa miezi sita bila kulipa. Wako wavivu, hatukatai. Lakini wako pia waliofukuzwa kazi hotelini watalii walipopungua, wako wanaomuuguza mzazi, na wako wazee ambao watoto wao wamewasahau. Hao ndio hufa wakiwa na deni. Na ikiwa chama kitawaepuka, kitakuwa kimewasaidia wenye nguvu na kuwaacha wanyonge, jambo ambalo si sababu ya kuundwa kwake.

Kwa hiyo twaleta mashauri matatu, wazee wayapime.

Kwanza, kanuni ya ada ibaki, na aliyekaa miezi sita asipewe msaada wa fedha kutoka katika fungu la maziko. Lakini kabla ya miezi hiyo kutimia, wajumbe wawili, mwanamume na mwanamke, wamtembelee nyumbani mwake kujua hali yake. Barua peke yake haitoshi, wala ujumbe wa simu.

Pili, liwekwe fungu dogo lililo mbali na lile la ada, la kuwazika wasio na uwezo. Twaomba halmashauri ya kanisa itazame kama sehemu ya sadaka ya mavuno yaweza kutiwa humo, na wanachama wenye nafasi watoe kwa hiari bila majina kusomwa.

Tatu, iandikwe katika kanuni zetu wazi wazi kwamba kila mwanachama, awe amelipa au hakulipa, atatangaziwa msiba wake, atahudhuriwa, na atasindikizwa kaburini na chama hiki.

Mheshimiwa Mwenyekiti, wakati wa kupiga kura umekaribia, wala hatutaki kuwachosha wazee. Waliotutangulia mahali hapa waliletwa bila ndugu, na hawakuzikwa kama watu wasio na ndugu. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na dhiki haina siku iliyo kuu kuliko ile. Twawaomba mlikatae neno "kwa lolote", myapokee mashauri haya au myatengeneze yawe bora, na mweka hazina apewe nguvu ya kudai ada kwa bidii zaidi kuliko mwaka uliopita. Mungu awape hekima katika shauri hili, na aubariki mtaa wetu na watu wake wote.