Pale Msasa Unapopaswa Kukoma: Mada Kuhusu Kupaka Upya Pinde za Zamani

Mada hii inahusu pinde za matabaka zilizotengenezwa Marekani miaka ya 1950 na 1960, mfano zile za kampuni ya Bear Archery ya Grayling, Michigan. Mabawa yake, yaani nusu mbili zinazopinda, yana kiini cha mbao nyembamba kilichogandishwa katikati ya faibaglasi. Hoja yangu ni kwamba fundi anayeupa upinde huo sura mpya ana ruhusa juu ya vanishi tu. Akiigusa faibaglasi, ameanza kutengeneza upinde mwingine. Hesabu inathibitisha. Ukakamavu wa kitu kinachopindwa hufuata kipeo cha tatu cha unene wake. Bawa la milimita 6 likipunguzwa milimita 0.3, ambayo ni asilimia 5 tu, hupoteza takriban asilimia 14 ya ukakamavu, hata lingekuwa la mti mtupu. Kwenye matabaka hasara huzidi, kwa kuwa msasa unakula faibaglasi ya nje, ndiyo inayobeba mzigo mkubwa mgongoni na tumboni mwa upinde. Upande mmoja ukiliwa kuliko wa pili, bawa hupinda kombo na ugwe hutoka kwenye mfuo wake.

Wapo watakaosema: basi tutumie dawa ya kuondoa rangi, maana haipunguzi unene. Naikataa rai hiyo kwa nguvu zaidi kuliko msasa wenyewe. Dawa kali, hasa zenye kloridi ya methilini, hulainisha pia epoksi inayoshika matabaka, na hewa ya moto hufanya vivyo hivyo. Madhara ya msasa huonekana. Ya dawa hujificha ndani ya gundi mpaka siku upinde unapovutwa karibu na uso wa mtu na matabaka kuachana.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba vanishi iliyopasuka hupitisha unyevu, kwa hiyo kuiacha ni kuuua upinde polepole. Ni kweli kwa kishikio cha mbao na kwa kingo za mabawa, ambako mbao iko wazi. Huko pasafishwe kwa msasa laini wenye maji kidogo, pakauke kabisa, kisha papakwe matabaka membamba ya vanishi. Uso wa faibaglasi haunywi maji jinsi mbao inavyokunywa. Nyufa za vanishi zilizo juu yake ni suala la sura, na vanishi iliyokwisha kuachia inaweza kukwanguliwa taratibu bila kuchimba. Tena, maandishi ya urefu na uzito wa kuvuta mara nyingi yako chini ya vanishi hiyohiyo. Yakifutika, pamoja na kukwaruzwa kwa sarafu ya metali ambayo Bear Archery ilianza kuipachika kwenye kishikio mwaka 1959, umri wa upinde unabaki kukisiwa. Kwa hiyo maandishi yazungukwe, hata kama vanishi mpya itaacha alama ya mpaka pembeni yake.