Maua ya Chai Yanataka Kivuli

Leo tuzungumze juu ya kukausha kamomaili, yale maua madogo meupe yenye kitovu cha njano.

Wengi wetu hapa Uasin Gishu tunaijua pareto. Hapo ndipo hatari ilipo, maana maua haya yanafanana, na pareto ni dawa ya kuua wadudu, si ya kunywa. Basi kabla ya kuchuma, pasua kitovu cha ua moja. Cha kamomaili kina uwazi ndani na hunukia kama tufaha. Cha pareto kimejaa. Ukiwa na shaka, usichume. Wala usianike maua ya chai kwenye kichanja cha pareto, au juu ya neti ya mbu yenye dawa.

Chuma asubuhi, umande ukishakauka. Tandaza juu ya kitambaa safi, yasipandane, mahali penye kivuli na hewa. Jua kali hufukuza harufu. Dari ya jikoni nayo huyatia moshi. Miezi ya mvua hapa Eldoret, alasiri isikukute nje, yaingize mapema.

Utajuaje yamekauka? Sugua ua kwa vidole. Likivunjikavunjika, tayari, likijikunja, bado.

Akina mama, tusiharakishe kufunga. Kilo 5 mbichi hubaki kama kilo 1 tu, na tamaa ya uzito huleta ukungu. Mfuko mmoja wenye ukungu huharibu jina la kikundi kizima.