Kisukari Kinavyoua Seli za Jicho Kimya Kimya



Ndugu zangu vijana, na nyinyi mama zetu na baba zetu wa hapa Kosele, mada niliyopewa ni ya sukari na macho. Najua wengi wetu tukisikia ugonjwa wa sukari tunafikiria kidonda cha mguu kisichopona, ama mtu anayeamka usiku kucha kwenda haja ndogo. Macho tunayaweka mwisho. Mzee akianza kuona ukungu tunasema huo ni uzee, ananunuliwa miwani sokoni Oyugis, na mambo yanaishia hapo. Lakini miwani inarekebisha tu jinsi mwanga unavyoingia. Ugonjwa ninaouzungumzia uko nyuma kabisa, kwenye retina.

Retina ni utando mwembamba uliotandazwa ndani ya jicho, kama filamu ya zile kamera za zamani. Ndiyo inayopokea mwanga na kuupelekea ubongo habari, na kwa kweli yenyewe ni sehemu ya ubongo. Ukilinganisha na uzito wake, ni viungo vichache sana mwilini vinavyotumia oksijeni nyingi kama retina. Oksijeni hiyo sehemu kubwa huletwa na vijishipa vya damu vyembamba kuliko unywele. Vikiharibika hivyo, hakuna njia nyingine ya kutosha.

Sasa sikilizeni sukari inavyofanya. Seli za misuli hungoja insulini izifungulie mlango ndipo sukari iingie kwa wingi. Seli za retina hazingoji. Damu ikijaa sukari nazo zinajaa, zitake zisitake. Nyingine inageuka taka zenye sumu ndani ya seli, nyingine inagandana na protini za kuta za mishipa. Inafika mahali seli inashindwa, inajizima yenyewe na kufa.

Kwenye mishipa, zinazotangulia kufa ni seli ziitwazo perisaiti. Hizi zinaukumbatia mshipa kwa nje na kuushikilia usivimbe. Mwaka 1961 daktari Cogan na wenzake huko Boston walichukua retina za watu waliokufa wakiwa na kisukari, wakayeyusha kila kitu mpaka ikabaki mishipa mitupu. Chini ya hadubini wakaona perisaiti hazipo, zimebaki alama tu za mahali zilipokuwa.

Mshipa usio na perisaiti ni kama tyubu ya baiskeli iliyochoka, unavimba kijipu. Kijipu kinavuja maji, mafuta na damu. Mishipa mingine inaziba kabisa, na seli zilizokuwa zikilishwa nayo zinakosa hewa. Na si mishipa peke yake. Tafiti za tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 zimeonyesha kwamba seli za neva, zile zenyewe za kuonea, nazo huanza kufa mapema, pengine kabla daktari hajaona tone la damu humo ndani. Seli ya neva ya retina ikifa haioti nyingine.

Retina iliyokosa hewa hutoa kemikali ya kuomba mishipa mipya. Inapewa, lakini ni mishipa mibovu. Inapasuka, jicho linajaa damu, na makovu yake yanaivuta retina mpaka inabanduka. Hapo ndipo mtu anasema ameamka asubuhi akiwa kipofu, wakati kazi hiyo imefanyika kwa miaka.

Maumivu je? Hakuna. Na kama sehemu ya katikati, tunayosomea, haijaguswa, utasoma mpaka herufi ndogo kabisa na bado ugonjwa umo. Huko Nakuru mwaka 2007 na 2008 walipimwa watu wa miaka 50 na zaidi, na kati ya kila 100 wenye kisukari, kama 36 walikutwa retina imeshaguswa. Na uchunguzi wa taifa wa mwaka 2015 uliona karibu Wakenya 9 kati ya 10 hawajawahi kupimwa sukari hata mara moja. Mimi naona hiyo ya pili inatisha zaidi.

Tiba ipo. Leza na sindano za ndani ya jicho huzuia mishipa mibovu na kukausha uvimbe, na wengine huona vizuri zaidi baada ya sindano. Lakini seli iliyokufa hairudi. Ndiyo maana kushusha sukari na presha mapema kunashinda yote. Utafiti mkubwa wa Uingereza uliotolewa 1998 ulionyesha kuidhibiti vizuri sukari kunapunguza madhara ya mishipa midogo kwa robo.

Na mwezi huu je? Futari zetu tunazijua: chai tamu, kaimati, tende, viazi vitamu vya Kabondo (navipenda, sivisemi vibaya, nasema sahani). Baada ya hapo sukari inaweza kupanda sana. Mwenye kisukari amwone daktari kabla ya Ramadhani, hasa kama ameshaambiwa macho yana tatizo. Ukiwa umefunga na kipimo kikashuka chini ya 3.9 au kikapita 16.6, fungua. Mgonjwa ana ruhusa yake ndani ya Qur'ani, Suratul Baqara, wala asione haya mbele ya wajukuu. Na kujidunga kidole kupima hakufunguzi, maulamaa wengi wameshalisema.

Mwenye aina ya pili ya kisukari achunguzwe retina siku ile ile anapogunduliwa, kisha kila mwaka. Mwenye aina ya kwanza aanze ndani ya miaka mitano. Mama mwenye kisukari akishika mimba aende mapema, maana mimba huuharakisha ugonjwa huu. Usiulize tu kama kuna daktari wa macho, uliza kama wanatazama retina kwa dawa ya kufungua mboni. Dawa hiyo ya matone inatia ukungu na jua linauma kwa saa kadhaa, kwa hiyo usiende mwenyewe kwa pikipiki. Kijana wa nyumbani ampeleke mzee, amsubiri, amrudishe.

Wabillahi tawfiq.