Pasipoti ni Haki Yako, Usingoje Ikwishe Ukiwa Ughaibuni



Haya ni maneno niliyozungumza na vijana hapa Mombasa, wengi wao wakiwa mbioni kusafiri kwenda kutafuta riziki. Baadhi yenu mliomba niyaandike ili muwatumie ndugu zenu walioko nje. Nimeyaandika vile vile nilivyoyasema.

Naanza na dada mmoja wa mtaa wetu. Jina lake naliacha, lakini kisa ameniruhusu nikisimulie. Alikwenda nchi moja ya Ghuba kufanya kazi za nyumbani. Mkataba ulikuwa wa miaka miwili, akaongeza, akaongeza tena. Pesa zilikuwa zikifika, wadogo zake wakasoma, nyumba ya mama ikaezekwa upya. Siku mama alipozidiwa, akapigiwa simu: njoo. Akamwendea bosi wake, na bosi hakukataa. Pasipoti ikatolewa kabatini. Kuifungua, imekwisha miezi saba iliyopita.

Yeye hakujua. Tangu siku aliyoshuka ndege pasipoti ilichukuliwa, hakuiona tena. Mji aliokuwa akiishi uko mbali na ubalozi, na ruhusa ya kwenda huko ilichukua siku kadhaa. Alipofika akaambiwa hana miadi. Alipotaka kuweka miadi, akaunti yake ya eCitizen ikakataa kufunguka, kwa sababu ilifunguliwa na ajenti, kwa barua pepe ya ajenti, na ajenti keshabadilisha laini ya simu. Mwishowe akapewa hati ya dharura ya kusafiria. Alipotua Mombasa, hitma ya arubaini ya mama yake ilikuwa imeshasomwa.

Sasa niangalie vizuri. Sikusimulii haya ili ulie. Ninataka uone kwamba kilichomfunga dada huyu ni vitu vidogo vidogo: tarehe ambayo hakuiandika popote, barua pepe ambayo haikuwa yake, kopi ambayo hakubaki nayo. Vitu hivyo vingemalizwa hapa nyumbani kwa nusu saa.

Jambo la kwanza: pasipoti yako haifi siku ile ya tarehe iliyoandikwa. Kwako wewe uliye nje, ihesabu kuwa imekufa mwaka mzima kabla.

Kwa nini mwaka mzima? Moja, nchi nyingi na mashirika mengi ya ndege yanataka pasipoti iwe na angalau miezi sita mbele. Kwa hiyo miezi sita ya mwisho ni karatasi tu. Mbili, kibali chako cha ukaazi kinategemea pasipoti. Ukiwa Saudia, iqama haihuishwi kwa pasipoti iliyokwisha. Iqama ikilala, hata akaunti ya benki unayotumia kutuma pesa nyumbani inaweza kufungwa, na askari akikusimamisha barabarani huna la kumwonyesha. Tatu, kile kitabu hakichapishwi ubalozini. Ubalozi unapokea fomu yako, unachukua picha, saini na alama za vidole, halafu maombi yanashughulikiwa na kitabu kinachapishwa Nairobi, ndipo kinarudishwa huko uliko. Kukikwama Nairobi, hata balozi mwenyewe awe mwema vipi, utangoja. Mnakumbuka 2023, mashine za kuchapisha zilivyoharibika Nyayo House na maombi yakarundikana kwa maelfu. Aliyekuwa na mwaka mbele yake aliudhika tu. Aliyekuwa na mwezi mmoja alipoteza kazi.

Na kuna hesabu nyingine. Kenya ilianza kutoa pasipoti ya kielektroniki mwaka 2017. Ile ya zamani ikapewa tarehe ya mwisho, tarehe ikasogezwa mara kadhaa, mpaka ikafika mwisho wa Novemba 2022. Sasa pasipoti hizi mpya za watu wazima ni za miaka kumi. Zile za kwanza zinafika mwisho 2027, na wale waliokimbilia kubadilisha dakika za mwisho, zao zitakwisha kwa mkupuo baadaye. Foleni inakuja. Usiwe nyuma yake.

Jambo la pili: mambo ya kufanya kabla hujapanda ndege, na kama umeshapanda, fanya leo.

Akaunti ya eCitizen iwe yako. Barua pepe yako, nambari ya siri unayoijua wewe. Ajenti anaweza kukusaidia kujaza, lakini ufunguo ukae mfukoni mwako. Kama akaunti imefungwa na laini ya Kenya, hakikisha laini ile iko hai au badilisha nambari mapema, maana ujumbe wa kuthibitisha utakwenda huko huko.

Linganisha majina. Hili linatuumiza sisi Waislamu kuliko wengi. Cheti cha kuzaliwa kimeandikwa Mohamed, kitambulisho Mohammed, pasipoti Muhammad. Baba ni Saleh huku na Swaleh kule. Nyumbani tunacheka, tunajua ni mtu mmoja. Kwenye kompyuta ni watu watatu. Rekebisha ukiwa hapa, ambapo ofisi ya vyeti unaifikia kwa matatu, kuliko kuanza kutafuta kiapo cha wakili ukiwa jangwani.

Piga picha ya kila kitu: ukurasa wa pasipoti wenye picha yako, ukurasa wa visa, kitambulisho pande zote mbili, cheti cha kuzaliwa, mkataba wa kazi. Jitumie kwenye barua pepe yako, na mtumie mtu mmoja nyumbani unayemwamini. Simu inaweza kuchukuliwa. Barua pepe haichukuliwi kabatini.

Wakati wa kuhuisha ukifika, njia yenyewe si ndefu. Unaingia eCitizen, unajaza maombi ya kuhuisha, unachagua ubalozi utakaokwenda, unalipa humo humo na kuchapisha fomu na risiti. Unaweka miadi. Unakwenda mwenyewe, kwa sababu vidole havitumwi kwa mtu, ukiwa na pasipoti ya zamani, kitambulisho, kopi zake, na kibali chako cha ukaazi. Ada za nje si sawa na za Kenya, kwa hiyo usimsikize mtu wa mtaani, soma kwenye eCitizen na kwenye ukurasa wa ubalozi wenyewe. Na usimpe pesa mkononi mtu anayesimama nje ya lango akisema anajuana na watu wa ndani.

Wewe unayeishi mbali, sikiza. Mtu wa Abha kwenda Riyadh ni karibu kilomita 1,000. Hiyo ni kama kutoka Mombasa hadi Nairobi na kurudi, na hapo ni kwenda tu. Ndiyo maana balozi zetu huandaa siku za huduma za kuzunguka, maafisa wanakuja mji mwingine na vifaa vyao. Fuata matangazo hayo, na mkisikia siku imepangwa, ambizaneni kwenye makundi yenu. Ukiwa huwezi kutoka nyumba ya mwajiri, omba ruhusa miezi kabla, kwa maandishi, hata kama ni ujumbe wa simu tu. Mwambie ukweli: pasipoti yangu ikikwisha, na wewe utashindwa kuhuisha iqama yangu. Hapo hata yeye ana faida.

Ukishapata mpya, kazi haijaisha. Ile ya zamani usiitupe, huenda visa yako imo humo. Na Saudia kuna kinachoitwa naql maalumat, yaani taarifa za pasipoti mpya kuhamishiwa kwenye iqama. Isipofanywa, mfumo unaendelea kusoma ile iliyokufa. Muulize mwajiri, umfuatilie mpaka akuonyeshe.

Jambo la tatu, na hili ndilo lililonileta: pasipoti si hisani.

Kifungu cha 12 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinasema kila raia ana haki ya pasipoti na hati nyingine za utambulisho zinazotolewa kwa raia. Kinaendelea kusema haiwezi kunyimwa, kusimamishwa wala kunyang'anywa ila kwa mujibu wa sheria ya Bunge. Hasira ya mtu wa dirishani haimo katika sheria hiyo. Kifungu cha 47 kinakupa haki ya kupewa sababu kwa maandishi pale uamuzi wa ofisi ya serikali unapokudhuru. Ubalozi ni ofisi ya serikali ya Kenya. Ukivuka bahari, Katiba hukuiacha uwanja wa ndege.

Tunajua tulikotoka. Mtu wa Pwani, wa Kaskazini Mashariki, Mnubi wa Kibra, wote wanaijua ile ya babu yako alizaliwa wapi, leta cheti chake. Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu ilichapisha utafiti kuhusu utoaji wa vitambulisho tangu 2007. Februari 2025 Rais akatangaza huko Kaskazini Mashariki mwisho wa ule msasa maalum. Alhamdulillah, ni hatua. Lakini mazoea ya miaka mingi hayaondoki kwa siku moja, na swali lile linaweza kukukuta hata kwenye dirisha la ng'ambo.

Likikukuta, usipige kelele. Kelele zitakutolesha nje na utakuwa umewapa sababu. Pia tuseme haki: maafisa wengi wanafanya kazi yao vizuri, na afisa ana ruhusa ya kuulizia stakabadhi inayohitajika. Kama unayo, mpe. Kama anachokiomba hakimo kwenye orodha, mwambie kwa adabu: "Samahani mheshimiwa, mimi ninahuisha, serikali ilishanipa pasipoti hii. Naomba uniandikie ni stakabadhi gani inayokosekana na inatakiwa na sheria gani." Andika tarehe, saa, nambari ya dirisha na nambari ya maombi yako. Halafu utume barua pepe kwa ubalozi siku hiyo hiyo, ukieleza kilichotokea. Wasipojibu, peleka kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile inayojulikana kama Ombudsman. Kulalamika huko hakulipiwi. Mtu akija kwetu na karatasi, tunajua pa kuanzia. Akija na hasira peke yake, tunabaki kumpa pole.

Na bosi anayeweka pasipoti kabatini? Pasipoti ya Kenya ni mali ya serikali ya Kenya, wewe umekabidhiwa. Bosi hana fungu lake hapo. Qatar, sheria nambari 21 ya 2015 inaweza kumtoza mwajiri anayezuia pasipoti faini ya hadi riyal 25,000. Saudia nako kanuni zinamkataza mwajiri kumwekea mfanyakazi pasipoti yake. Najua, sheria kwenye karatasi ni jambo moja na uko jikoni kwa watu ni jambo jingine. Sikuambii upigane peke yako usiku. Nakuambia ujue, na ukipata nafasi ya salama ya kupiga simu ubalozini, useme hivyo hivyo: mwajiri anazuia pasipoti yangu.

Ikishakwisha na dharura imeingia, kuna hati ya dharura. Itakufikisha nyumbani. Lakini ni ya safari moja ya kurudi, huwezi kuendelea na kazi kwayo, na bado utahitaji kibali cha kutoka cha nchi uliyomo. Ni mlango wa moto. Mshukuru Mungu upo, lakini usipange kupitia humo.

Yule dada nilimuuliza, ungekuwa na neno moja la kuwaambia vijana, ungesema nini? Hakuzungumza habari ya bosi wala ubalozi. Alisema, "Waambie waandike tarehe."

Basi leo kabla ya kulala, shika pasipoti yako au picha yake. Tazama tarehe ya mwisho. Toa mwaka mmoja. Iandike kwenye simu yako, umtumie na mama au ndugu yako, umwambie: tarehe hii ikifika, nikumbushe. Na kama una dada au kaka nje na hamjui pasipoti yake inakwisha lini, mpigie sasa. Akisema pasipoti anayo bosi, mwambie aombe aione, hata dakika moja, apige picha.

Mwenyezi Mungu awalinde wote walioko ugenini, awarudishe salama, na awakutanishe na wazazi wao wakiwa hai.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.