Hofu ya Baba Isiwe Urithi wa Mtoto

(Hotuba iliyotolewa mbele ya wanafunzi wa zamani, walimu na wageni waalikwa katika mkutano wetu wa mwaka)



Barua ya Kamati ilinitaka niseme juu ya "Malezi Bora ya Watoto". Nilipoisoma nilidhani imepotea njia, maana mimi ni afisa mipango. Ninachojua kupanga ni visima na zahanati, si watoto. Nilipomwuliza Katibu, alinijibu bila haya kwamba mtaalamu aliyekusudiwa amepata dharura. Wahenga walikwisha sema, akosaye la mama hata la mbwa huamwa. Basi hili ndilo la mbwa, na naomba mlivumilie.

Sikuja kuwafundisha. Nimekuja kueleza jinsi nilivyokuwa baba mbaya kwa miaka kadhaa, huku nikijiona baba bora kuliko wote mtaani kwetu.

Wale mliokuwa hapa mwaka 1996 mnaijua sehemu ya kwanza ya habari hii. Nilikuwa kidato cha pili. Mwezi wa Mei nilimwandikia barua kaka yangu mkubwa, aliyekuwa akifanya kazi Bukoba, kwamba nadaiwa karo, na kwamba viatu vyangu vimeanza kucheka. Akajibu kuwa atakuja mwenyewe. Jumatatu tarehe 20 Mei alipanda MV Bukoba. Asubuhi ya Jumanne tarehe 21, meli ile ilipinduka na kuzama ikiwa imekaribia Mwanza. Watu walikufa mamia kwa mamia, na Taifa likaomboleza kwa siku tatu. Kaka yangu hakuonekana. Wengi waliopatikana bila kutambuliwa walizikwa pale Igoma, na mpaka leo nikienda kila tarehe 21 Mei sijui nisimame mbele ya kaburi lipi.

Nilirudi bwenini baada ya matanga. Mnakumbuka neno lililotulea hapa: "Jikaze!" Ukiugua malaria, jikaze. Ukishindwa mbio za nyika, jikaze. Silitukani neno hilo. Limetufikisha wengi wetu tulipo. Nami nilijikaza. Nilifaulu kidato cha nne, nikafaulu cha sita, nikaingia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, nikaajiriwa serikalini. Mwalimu wetu mmoja, ambaye leo yumo humu ukumbini, alikuja usiku mmoja akakaa kwenye kitanda changu akaniambia, "Hili si kosa lako." Nilimwitikia "Ndiyo, Mwalimu," kwa adabu, lakini sikumwamini hata kidogo. Nani aliandika barua ile kama si mimi?

Sasa nije kwenye malezi. Mwaka 2008 nilijaliwa mtoto wa kwanza, wa kiume. Tangu wiki ya kwanza nilikuwa nikiamka usiku mara tatu au nne kuweka kidole puani pake nione kama anapumua. Mke wangu alicheka mwanzoni, baadaye akaacha kucheka. Alipopata miaka mitano nilimkataza ziwa, nikamkataza mtumbwi, nikamkataza hata kutembea ufukweni na wenzake. Kumbukeni kwamba tunaishi Mwanza, ambako kumkataza mtoto ziwa ni kama kumkataza upepo. Tulipokwenda kwetu Kagera kusalimia wazee, watu wote walivuka kwa kivuko cha Kigongo kwenda Busisi. Mimi niliwazungusha wanangu kupitia Shinyanga na Kahama, nikisema barabara ya huko ni nzuri. Simu ya nyumbani isipopokelewa mara mbili, naacha kikao cha halmashauri natoka mbio. Nikiulizwa, najibu, "Mzazi lazima awe mwangalifu."

Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, na zaidi ya watu 220 wakafa. Sikulala siku nyingi. Wiki tatu baadaye, siku ya Jumamosi, mwanangu akiwa na miaka kumi alirudi nyumbani na nywele zimelowa. Alikuwa amekwenda kuogelea na watoto wa jirani.

Ndugu zangu, nilivua mkanda. Nilimpiga mpaka jirani akaingia bila kubisha hodi akanishika mkono. Wengi wetu tulichapwa, na wengine mtaniambia kuchapa ni malezi. Lakini mimi nilikuwepo, na najua kwamba siku ile sikuwa nikimfunza mtoto kitu chochote. Nilikuwa napigana na maji ya mwaka 1996, na mwili wa mwanangu ndio uliokuwa karibu.

Baada ya hapo mtoto yule aliendelea kuniamkia, kunawisha mikono wageni, na kufaulu mitihani yake. Kitu kimoja tu kilikoma: hakuniambia tena neno lolote lililo moyoni mwake. Nami nikajidanganya kwamba ametulia.

Aliyenifumbua macho ni mdogo wake. Mwaka 2019 alikuwa darasa la kwanza, na darasa lao lilipanga kwenda kuwatazama wanyama katika kisiwa cha Saanane. Mnajua ni mwendo mfupi tu wa mashua kutoka mjini. Mwalimu wake alinipigia simu kuniuliza kuna nini nyumbani, maana mtoto amekataa kuandikishwa. Alipoulizwa sababu alijibu, "Nikienda, Baba ataumwa."

Hapo ndipo nilipotambua kwamba mtoto wa miaka saba ananilea mimi.

Nilikwenda hospitali kumwona daktari wa afya ya akili. Nakiri kwamba niliegesha gari mbali, nikavaa kofia. Sisi Watanzania tukisikia daktari wa akili, tunafikiria Mirembe tu, na jinsi majirani watakavyosema. Daktari yule, mama mmoja mpole, alinisikiliza saa nzima. Kisha akanieleza kuwa ugonjwa wangu unajulikana. Mtu akipatwa na jambo la kutisha, mwili unaweza kubaki zamu miaka mingi baada ya jambo lenyewe kupita. Madaktari wa akili wa Marekani waliuingiza ugonjwa huo katika kitabu chao cha maradhi mwaka 1980, baada ya kuwaona askari waliorudi kutoka Vietnam, lakini hauwapati askari peke yao. Akasema, "Ni kama mbwa wa mlinzi aliyewahi kuumizwa na mwizi. Tangu siku hiyo hubweka hata jani likidondoka. Na kila unapolizunguka ziwa, unamwambia mbwa huyo kwamba amebweka kwa haki."

Maneno hayo yalinikumbusha baba yangu, Mungu amrehemu. Majeshi ya Idi Amin yalipoingia Kagera mwezi Oktoba 1978, wazazi wangu walikimbia usiku wakimbeba kaka yangu. Mimi nilizaliwa baada ya vita. Nilimkuta baba ambaye mlango ukigongwa kwa nguvu anasimama, na mtoto akichelewa hadi magharibi anachapwa bila kuulizwa. Hakutueleza kwa nini. Tulijua tu kwamba giza linatisha. Ndivyo hofu inavyorithiwa, ndugu zangu: kama shamba lisilo na hati, hakuna anayejua mipaka yake.

Daktari alinieleza pia uchunguzi mmoja ambao naomba mwende nao nyumbani. Mwaka 1985 wataalamu wa Marekani, akiwamo James Sorce, walitoa matokeo ya jaribio walilofanya kwa watoto wa mwaka mmoja. Mtoto aliwekwa juu ya meza yenye kioo, ambayo katikati ilionekana kama ina shimo, na mama akasimama upande wa pili. Mama alipoonyesha uso wa furaha, watoto 14 kati ya 19 walivuka. Mama alipoonyesha uso wa hofu, kati ya watoto 17 hakuvuka hata mmoja. Hakuna mama aliyetamka neno. Mtoto alisoma uso tu.

Kumbe miaka yote hiyo, nilipodhani nimenyamaza, uso wangu ulikuwa ukipiga kelele.

Ndugu Mwenyekiti, muda wangu unakwisha. Niseme kwa kifupi mambo manne yaliyonisaidia.

La kwanza ni kutenganisha hatari na hofu. Sasa ninapotaka kumkataza mtoto jambo, najiuliza: je, hii ni hatari, au ni hofu yangu? Ikiwa ni hatari, ina dawa yake: koti la kuokolea, kukataa chombo kilichojaza kupita kiasi, mtu mzima wa kumwangalia. Ikiwa ni hofu yangu, ni mzigo wangu, sina haki ya kumtwisha mtoto. Mwanangu nilimtafutia mwalimu wa kuogelea. Mtoto anayejua kuogelea yuko salama kuliko yule aliyekatazwa maji akayaendea kwa siri.

La pili ni kumwambia mtoto ukweli kwa kadiri ya umri wake. Mdogo nilimwambia, "Baba huogopa maji kwa sababu ndugu yake alifia majini. Si kosa lako, na si kazi yako kuniponya." Hayo yalimtosha. Akauliza kama anaweza kwenda Saanane, nikamwambia aende.

La tatu ni kuomba radhi. Najua katika mila zetu baba hamwombi mtoto radhi. Nilikaa na mwanangu barazani, nikamwambia kwamba siku ile nilikosea, na kwamba kosa halikuwa lake. Nikamweleza habari za kaka yangu, pamoja na barua ile ambayo kwa miaka ishirini na mitatu sikumtajia mtu ila daktari. Sikumwomba anifariji. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Lakini Baba, wewe uliomba viatu tu." Mwalimu wangu, uliyoniambia usiku ule bwenini niliyasadiki siku hiyo.

La nne ni kupata msaada wa watu wazima. Hofu inataka pa kusemewa. Usipoisema kwa daktari, kwa mwenzi wako, kwa kiongozi wako wa dini au kwa rafiki, utaisema kwa mkanda.

Kwa shauri la daktari nililikaribia ziwa kidogo kidogo. Kwanza kukaa ufukweni robo saa. Halafu kupanda kivuko cha Kigongo peke yangu, kwenda na kurudi, shati limelowa jasho. Mwezi Desemba 2019 nilivuka na familia yangu yote. Safari haikuzidi nusu saa. Kivuko kilipoondoka, miguu yangu ilikufa ganzi. Mwanangu akanitazama usoni. Sikujifanya shujaa, nilimwambia, "Naogopa, lakini tunavuka." Akaja akasimama karibu nami, akaanza kunionyesha ndege juu ya maji. Tangu mwaka uliotangulia hatukuwa tumezungumza namna ile.

Tangu Juni 2025 pale lipo daraja, na magari huvuka kwa dakika chache. Nalifurahia kama mwananchi na kama afisa mipango. Lakini nashukuru kwamba mwaka 2019 halikuwepo.

Msifikiri nimepona kabisa. Bado kuna usiku naamka. Tofauti ni kwamba sasa huamka nikanywa maji, nikarudi kulala, bila kwenda kuwaamsha watoto.

Nimalizie kwa ombi moja kwa chama chetu. Tunaungana vizuri katika michango ya harusi na misiba. Lakini msiba ukishapita siku arobaini, hatuulizani tena. Humu ukumbini wamo waliopita katika ajali, katika vita, katika nyumba zenye vipigo, na wote wamejikaza, na wote wana watoto. Naomba kila mmoja wetu achague wawili wa darasa lake, awapigie simu mara kwa mara, asiulize mchango. Aulize tu, "Unalalaje siku hizi?"