Kushikana kwa Chembe si Hukumu: Homa, Kinga na Damu ya Visiwani

Miongoni mwa dhana zilizoota mizizi katika zahanati na maduka ya dawa ya Afrika Mashariki, ipo moja inayostahili kupingwa hadharani: kwamba tone la damu ya mgonjwa likichanganywa na tone la kitendanishi, yaani majimaji yenye bakteria waliouawa, juu ya kibao cheupe, na punje zikaonekana, basi ugonjwa umekwisha kujulikana. Mhadhara huu unaipinga kwa ushahidi wa visiwa viwili, Malta na Lamu, kwa kuwa kisiwani watu, maji na mifugo hukaa karibu kiasi cha homa moja kuweza kufuatwa tangu chanzo chake.

Kinachotokea juu ya kibao huitwa aglutinesheni, yaani kushikana kwa chembe. Mwili uliokutana na kijidudu hutengeneza kingamwili, protini zenye mikono miwili au zaidi, na mkono mmoja unapomshika bakteria huyu na mwingine ukamshika mwenzake, majimaji yaliyokuwa na ukungu hugeuka kuwa na punje zinazoonekana kwa macho. Watafiti Gruber na Durham waliieleza hali hiyo mwaka 1896, na mwaka huohuo daktari Widal akaifanya kipimo cha homa ya matumbo, ambayo wengi huiita taifodi; historia hiyo inajulikana na haihitaji kurefushwa.

Kinachohitaji kurefushwa ni kosa lililofuata. Kingamwili hubaki mwilini muda mrefu baada ya ugonjwa kupona, na chanjo nayo huweza kuziamsha, hivyo punje za leo huenda zikasimulia homa ya zamani. Pia bakteria wa jamii tofauti huweza kuwa na maumbile yanayofanana kwa nje, hata kingamwili zilizoundwa kwa ajili ya mmoja zikamshika mwingine. Katika siku za mwanzo za homa, kingamwili zenyewe huwa bado hazijatosha, kwa hiyo mgonjwa wa kweli huambiwa hana kitu. Ndiyo maana wataalamu wa maabara hudai sampuli mbili zilizochukuliwa kwa kupishana siku 10 hadi 14, na huzimua seramu, yaani sehemu ya majimaji ya damu iliyotengwa na chembe zake, hatua kwa hatua, 1:20, 1:40, 1:80 na kuendelea, wakisubiri kuona kiwango kikipanda mara nne kabla ya kusema neno. Mwandishi wa mhadhara huu aliwahi kuonyeshwa kadi tatu za mgonjwa mmoja, za miaka mitatu mfululizo, zote zimeandikwa taifodi na zote zikiwa na 1:80. Mwenye kadi alidhani ameugua mara tatu, ilhali yawezekana damu yake ilikuwa ikikariri habari moja.

Watetezi wa kibao hawakosi hoja, kwa maana kukuza bakteria kutoka katika damu huchukua siku kadhaa na huhitaji maabara yenye umeme wa uhakika, na mgonjwa wa Faza au Kiunga, huko Lamu, hawezi kungojea boti na jibu kwa pamoja. Hata hivyo, wepesi wa kipimo hauongezi ukweli wake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 kuhusu vituo vya afya vya magharibi mwa Kenya ulionyesha kwamba kipimo cha haraka cha namna hiyohiyo, kinachotumiwa kutambua bruselosi, kilifanya kazi vibaya. Bruselosi ni ugonjwa wa bakteria unaomfikia binadamu kutoka kwa mifugo, hasa kwa maziwa mabichi, na humletea homa ya kupanda na kushuka pamoja na maumivu ya viungo.

Hapa ndipo Malta inapofundisha. Daktari David Bruce alimgundua bakteria wa ugonjwa huo mwaka 1887 katika wengu za askari waliokufa kisiwani humo, lakini njia aliyopitia bakteria huyo ilibaki kitendawili hadi mwaka 1905, wakati daktari wa Malta, Themistocles Zammit, alipochukua damu ya mbuzi sita wanaoonekana wazima, wanakula na kutoa maziwa kama kawaida, akaichanganya na bakteria wale. Damu ya mbuzi watano ilishikanisha chembe. Mtu mwenye haraka angetangaza hukumu pale pale. Zammit alizichukulia punje zile kuwa swali, akaendelea kutafuta, hadi bakteria wenyewe wakapatikana katika damu na maziwa ya mbuzi. Mwaka 1906 askari walipokatazwa maziwa hayo, homa ilipungua sana miongoni mwao. Katika maandishi yote ya taaluma hii ni vigumu kupata kazi iliyo fupi, nafuu na yenye adabu ya kisayansi kama hiyo, kwa sababu ndani yake aglutinesheni inaonekana mahali pake halisi: mlango wa kuingilia uchunguzi.

Lamu ilipata somo lake Julai 2004, homa ya chikungunya ilipozuka. Ugonjwa huo, uliotambuliwa mara ya kwanza katika uwanda wa Wamakonde mwaka 1952 na 1953, una jina la Kimakonde lenye maana ya kupindika, kwa jinsi viungo vinavyomkunja mgonjwa; huletwa na virusi vinavyobebwa na mbu aina ya Aedes. Oktoba mwaka huohuo wakazi 288 wa kisiwa cha Lamu walitolewa damu, ikapimwa kwa njia ya vimeng'enya vinavyobadili rangi, wala si kwa kushikana kwa chembe, na wakazi 215, sawa na asilimia 75, walikuwa na kingamwili. Ubora wa kazi ile ni kwamba ilitenganisha aina mbili za kingamwili: IgM, inayotangulia na kutoweka mapema, ilikuwa kwa watu 53, na IgG, inayofuata na kudumu, kwa watu 206. Kwa hesabu hiyo watu 162 walikuwa na ile ya pili peke yake, ishara kwamba sehemu kubwa ya mji ilikuwa imekwisha kuugua. Lau homa zile zingehukumiwa kwa kibao cha Widal peke yake, baadhi ya wagonjwa wangeonyesha punje za maambukizi ya zamani, wakapewa dawa za bakteria dhidi ya kirusi, huku virusi vikiendelea na safari hadi Mombasa, Komoro na Réunion.

Mlipuko ule ulikuja baada ya ukame, watu wakiweka maji majumbani, na mbu wa Aedes hutaga katika vyombo vya kuwekea maji. Waungwana wa Lamu hawakuwa wageni wa jambo hilo: katika birika za nyumba za mawe walifuga samaki wadogo wanaokula viluwiluwi vya mbu, na chini ya birika wakapachika bakuli la kaure ili maji yakipungua samaki wabakie na mahali pa kuogelea. Huo ulikuwa uangalizi wa kiumbe mwingine kwa ajili ya afya ya binadamu, nao unaelekea kulekule alikoelekea Zammit.

Yaweza kujibiwa kwamba maziwa mengi ya Lamu huchemshwa kwa chai, na kwamba homa ya 2004 haikutoka kwa mbuzi. Hoja zote mbili ni sahihi, na bado hazibatilishi msimamo wa mhadhara huu, kwamba maana ya damu ya mgonjwa mmoja haisomeki mpaka damu ya walio wazima, watu na wanyama, iwe imesomwa kabla. Kwa hiyo wenye dhamana ya afya na mifugo katika visiwa vya Lamu na bara iliyo jirani wanaombwa kuweka akiba ya seramu za wakazi wazima, za ng'ombe wa Witu na za mbuzi wa Pate, wakati hakuna homa, na kazi hiyo ianzie zizini.